Mlio wa Punje Kumi

Kwale alibuni mlio wa kumtangaza mwewe, na wanyama wote wakauiga bure. Mlio wenyewe haukumpungukia hata kidogo. Hata hivyo, kila alipowaona wakila kwa utulivu, alihisi ameibiwa. Hatimaye akawakusanya.

"Kuanzia leo, anayetaka kuutumia mlio wangu alete punje kumi. Asiyelipa asiutoe."

"Hata tukimwona mwewe, dada Kwale?" Pimbi aliuliza.

"Hata mkimwona."

Siku ya tatu Kwale aliinama kufukua mchwa, kifaranga wake wa pekee akiwa kando. Kivuli kikapita. Alipoinua kichwa, kifaranga hakuwepo.

"Pimbi, ulikuwa juu ya mwamba. Hukumwona?"

"Nilimwona, dada," Pimbi alijibu taratibu. "Punje sikuwa nazo."