Sahihi ya Mume

"Shahidi wa pili ni nani?" wakili aliuliza, akishikilia wasia kando ya kitanda cha mzee mgonjwa.

"Mume wangu," Aleyamma alijibu, na tena kwa majivuno. Siku wasia ulipoandikwa, mvua ilimzuia jirani kuja kuwa shahidi, mumewe akasaini ili kazi iishe.

Wakili akavua miwani. "Dada yangu, mume wa mrithi hawi shahidi. Baba yako kakuachia nyumba, lakini sahihi hii inakunyang'anya. Mtagawana na kaka zako."

Kaka zake wako Dubai, na wote wanataka iuzwe. Yeye ndiye anayeishi humo, akimwosha mzee na kumlisha uji.

"Jamani, mimi nilikuwa nasaidia!" mumewe akalalamika mlangoni. "Si mzee aandike wasia mwingine tu?"

"Msaada wako huo! Baba anaweza kusema sasa?" Aleyamma alimfokea.

Tangu kiharusi kimwangushe Jumapili, mzee hajatamka neno.

Wakili akainama, akaweka kidole chake katika kiganja cha mzee, kiganja kilichogema miti ya mpira mpaka utomvu ukaganda mweusi kwenye nyufa za ngozi. "Mzee, kama unataka niandike wasia mpya, nyumba iwe ya Aleyamma, nibane kidole."

"Mbane, baba," Aleyamma alisihi. "Kidogo tu, baba yangu."

Mzee alimtazama binti yake. Chozi likamtoka, likateremka hadi sikioni.

Kiganja kilibaki wazi.

Wakili alingoja, akangoja tena, kisha taratibu akaondoa kidole chake.