Gia ya Pili

Kila dereva wa mashindano ya mlima ule alibadilisha gia penye kisima. Hapo injini ilikohoa na gari likapoteza kasi. Ndiyo maana Tunu na fundi wake, Salmini, walikesha masika nzima wakijaribu meno ya gia ya pili, mpaka gari lake dogo likapanda toka darajani hadi kileleni bila kubadilisha.

"Hii siri yetu wawili," alisema Salmini.

Sasa Tunu alikuwa garini, kwenye mstari wa kuanzia, akisubiri zamu yake, na mpinzani wake, Shebe, alikuwa anapanda. Tunu alifumba macho, akangoja kile kikohozi cha kisimani.

Hakikuja. Gari la Shebe lilipita kisima kwa sauti moja isiyokatika, sauti aliyoijua kama kilio cha mwanawe.

Salmini alikuwa ameinama, anafuta gurudumu lisilo na vumbi.

"Fundi, ingia."

"Tukiwa wawili gari litakuwa zito, dada."

"Ingia. Nataka tuisikilize wote hiyo siri yetu."

Bendera ikashuka. Mlango wa abiria ulikuwa bado wazi, na Tunu hakuondoa mguu kwenye klachi.