Klachi ya Bikizee

"Klachi imekwisha," mama alisema. Alikuwa amesimama mlangoni pa chumba cha kulala, funguo za gari mkononi. "Nakanyaga mafuta, injini inanguruma, gari haliendi. Nimeliacha uani."

Mumewe hakugeuka. Tangu walipomzika mtoto wao alikuwa akilala ameuelekea ukuta, na chakula alichopelekewa kilirudi jikoni kimekauka. Waliokuja kumpa pole aliwaitikia kwa kichwa. Hata kulia hakulia.

Alikuwa dereva mstaafu, na Landrova ile aliilinda kwa wivu. Aliinunua mnadani kabla hajaoa, ikiwa kuukuu tayari. Mtoto wao ndiye aliyeibandika jina la Bikizee kwa sababu, alisema, kila asubuhi hukohoa kwanza ndipo aamke. Kijana alisomea ufundi wa magari, na watu wa mtaa mzima walimletea magari yao. Hilo la nyumbani tu ndilo hakuruhusiwa kuligusa. Kila alipofungua boneti, baba yake aliifunga. "Huyu ana mwenyewe," alikuwa akimwambia. Hata mzee alipokwenda kumuuguza dada yake, aliondoka na funguo mfukoni. Aliporudi akajisifu kwamba Bikizee sasa anavuta kama msichana, mapumziko yamemfaa. Kijana alikubali kwamba mapumziko ni dawa.

Halafu homa ikamshika kijana, ikampanda kichwani, na kabla hawajajua la kufanya wakawa wameshampoteza.

"Basi nitamwita yule fundi wa barabarani," mama aliendelea. "Yule anayetibu kila kitu kwa nyundo."

Kitanda kililia. Mzee aliketi, akauliza viatu vyake vya kazi viko wapi.

Mkewe alikuwa mtu pekee aliyeruhusiwa kuliendesha gari lile, na neno lake lilimtosha. Hakuliwasha hata kulijaribu. Alikwenda moja kwa moja kwenye sanduku la spana.

Jirani yao seremala aliitwa kusaidia kubeba. Alitangulia kusema kwamba yeye na chuma hawajuani, lakini akiambiwa ashike, atashika. Wakiwa bado wanafungua viti, alimnong'oneza mama kwamba anashangaa, maana juzi tu mama alimpandishia mbao zake kilimani, na gari lilipanda kama mbuzi. Mama alimkazia macho. Seremala akakohoa, akaenda kutafuta jeki.

Kubadilisha klachi ya gari la namna ile ni kulitoa nusu ya matumbo. Waling'oa viti, wakang'oa mabati ya sakafu, wakafungua shafti za mbele na nyuma. Mwanzoni spana zilimponyoka mzee. Kufikia adhuhuri alikuwa akitoa amri. Alimkaripia seremala kwa kuweka jeki upande, seremala akamwomba radhi huku akificha tabasamu. Mama alipoleta chai na mkate, mzee alikula amesimama, akamaliza, akanyoosha mkono kuomba kipande kingine huku macho yake yakiwa kwenye gari. Mama aliingia ndani haraka kukileta.

Bolti za giaboksi ndizo alizoziogopa. Alieleza kwamba kwa gari la umri ule, bolti hukatika kabla ya kufunguka. Akazimiminia mafuta, akaishika spana kwa mikono miwili, akajikaza. Ya kwanza ilizunguka kwa wepisi. Ya pili vilevile.

"Bikizee leo ana adabu," seremala alisema.

Mzee hakucheka. Aliitazama ile bolti, akaifuta kwa kitambaa, akaendelea.

Giaboksi iliwatoa jasho. Mzee alivuta, seremala akasukuma, wakapumzika, wakavuta tena, mpaka ikarudi nyuma na kukaa juu ya vipande vya mbao. Seremala alishika kiuno, akasema bora kubeba kabati la milango mitatu. Mzee aliketi ndani ya lile shimo, mahali palipokuwa na sakafu, akainamisha kichwa.

"Nilimnyima," alisema.

Akajifuta mafuta viganjani.

"Watu baki walimwachia magari yao. Mimi baba yake nikamnyima. Angefunga hata bolti moja humu, leo ningekuwa na pa kushika."

Seremala aliangalia pembeni. Mama alikuwa ameshikilia mlango wa gari kwa mikono yote miwili. Hakumfariji. Alimwambia tu amalizie, jua linakwenda.

Mzee akakifungua kifuniko cha klachi, taratibu, na sahani ya klachi, ile inayolika, ikamwangukia kiganjani. Akaigeuza upande wa kwanza, akaigeuza upande wa pili. Akapitisha kidole gumba ukingoni, akazunguka nao mpaka alipoanzia. Akarudia tena na tena, hata seremala akamuuliza kama amejikata.

Hakujikata. Klachi ilikuwa nene na nzima, misumari yake iking'aa, mpya kabisa.

Mzee aliinua uso kumtazama mkewe, na machozi yalikuwa yakimchuruzika mpaka kidevuni.

"Giaboksi hii haibebwi na mtu mmoja," alisema. "Nani alimsaidia?"

"Mimi," mama alisema.