Maombi kwa ajili ya tairi nne

Ruphin, fundi wa tairi, alikaza nati ya mwisho ya gurudumu. Mama Godelive, mteja wake na mwenzake wa kwaya, alikuwa anawapeleka watoto wake Joburg asubuhi ile, na redio ilikuwa imesema theluji imeanguka njiani, kwenye mlima wa Van Reenen.

"Hizi zitashika barabara huko, papa?"

"Ziko na meno mazuri, mama."

Meno hayo alikuwa ameyachonga mwenyewe, nusu saa tu iliyopita, kwa kisu cha moto, kwenye tairi vipara.

"Basi tuombee safari. Ongoza wewe."

Mama akafumba macho, akaweka kiganja juu ya tairi ya mbele. Ruphin akaanza kuomba.

Mama Godelive akafumbua macho.

"Papa Ruphin, gari bado haijatembea. Mbona tairi iko moto?"