Jike la Perege

Mwaka 1976, bwawa la kijiji chetu karibu na Ushirombo lilikosa vifaranga vya samaki aina ya perege kwa msimu wa pili, na Bwana Samaki, afisa wa uvuvi, akaja kwa gari kutoka wilayani. Anisia, aliyekuwa akiwalisha wale perege, alimshikia beseni.

Mgeni alipasua jike mmoja. Tumboni hamkuwa na mayai. Akafungua na kichwa, akaonyesha kwa ncha ya kisu kitone cheupe chini ya ubongo, kidogo kama punje ya uwele.

“Amri ya kutaga hutokea hapa, mama. Samaki akiishi kwa hofu, haitoki.”

“Hofu ya nini?”

“Yule dume mkubwa mle bwawani. Anawafukuza na kuwauma kutwa nzima. Jike mwenyewe ni mzima kabisa.”

Kwa miaka sita Anisia alikuwa amekunywa dawa za kila mganga, na mumewe akimpiga kwa kuwa hazai.

“Sasa tufanyeje?”

“Watenganisheni. Wakipata utulivu, watataga.”

Kutoka nyumbani, mumewe aliita jina lake. Anisia akaliweka beseni chini. Mumewe aliita tena.

“Bwana Samaki,” Anisia alinong’ona, “gari lako lina nafasi?”