Mtu wa Chini

Filimbi ililia mara moja, ndefu. Habtom akaganda, koleo limejaa theluji, mguu mmoja ukingoni mwa paa na mwingine ukitafuta pa kukanyaga.

Moja ndefu maana yake acha, kuna mtu anapita. Mbili fupi, tupa. Ukiwa juu ya ghorofa ya tano barabara huioni, ukingo unaificha yote. Unatupa usikokuona, na macho yako ni mtu wa chini.

Zikaja mbili fupi. Habtom akatupa. Kishindo kikapanda hadi juu, naye akatega sikio kama kila mara, akiomba asisikie mtu akilia.

Alifika mji wa baridi wa Sundsvall kutoka kwao Keren kabla majani hayajapukutika. Theluji ya kwanza aliipokea kama mgeni wa heshima, akaipiga picha na kumtumia mama yake. Wiki haikuisha akajua kuwa ni mzigo tu, na kama mizigo yote ya dunia, wapo wenye nao na wapo wabebaji. Yale majumba ya mawe aliyoyaondolea theluji yana wenyewe, nao wakati huo walikuwa wanaota jua kwenye visiwa vya mbali. Kamba ya kujifungia ilikuwapo: moja, kwa watu wawili. Mirek, Mpolandi wa makamo aliyefanya naye kazi, alimwachia siku ya kwanza. Vaa wewe, alimwambia, mimi nikianguka hakuna hasara.

Chini alisimama Widad, mama wa Kisiria. Gari la kampuni likifika lilimkuta tayari yupo mlangoni pa duka la mikate, kizibao chake cha njano kimepauka, hakina hata jina la kampuni kama vya wenzake, filimbi inaning'inia shingoni kwa utepe wa zambarau. Upepo wa kukata masikio haukumwondoa. Watoto wa shule wakitoka mchana alitandaza mikono kama kuku mwenye vifaranga, akawaswaga hadi upande wa pili wa barabara, huku akiwafokea mpaka wakamwita mchawi wa filimbi.

Habtom alimpenda kwa sababu Kiarabu cha Keren na cha Aleppo vilielewana, na kwa sababu katika mji ule mzima hakuna mwingine aliyemwita mwanangu. Siku moja alimuuliza kama kampuni imeshindwa kumpa kizibao cha maana.

"Kampuni ilishanipa ya kunitosha," Widad alisema, akammiminia chai. "Wewe tupa, mwanangu. Mimi nikiwepo hapa chini, hafi mtu."

Mara nyingine alimsimulia habari za binti yake, Rima, mlinda mlango wa timu ya shule, mwenye utepe ule. Majira yao ya kwanza ya baridi, Rima alisimama papa hapa akafungua kinywa, akadaka theluji kwa ulimi, kisha akasema haina ladha yoyote, wamepunjwa. Widad alicheka akisimulia. Kisha akatazama juu, kwenye mlizamu wa paa, akaacha kucheka.

Wakati wa mapumziko wanaume walijibana ndani ya gari lenye joto. Nyapara wao, Torsten, aligawa kahawa na mikate ya mdalasini. Habtom aliuliza kwa nini yule mama haitwi naye akapata joto.

"Ana joto lake yule," Torsten alisema, akabadilisha mazungumzo.

Mirek aligeukia dirishani. Hakuwahi kumkaribia Widad. Kila asubuhi, akipita mbele yake, alivua kofia katika baridi ile, upara wake wazi, na Widad akatazama kando kama vile hakupita mtu. Habtom alijua mambo ya watu wazima, au alidhani anajua. Akamtania: Mzee Mirek, ulimtongoza akakutolea nje, sivyo? Mirek akamwambia ale mkate wake.

Kisha jua likatoka na theluji ikaanza kulowa. Theluji iliyolowa ni nzito kama mchanga wa mtoni. Torsten alitaka majumba matatu yaishe kabla ya giza. Habtom akapanda pamoja na Mirek, akajaza koleo, akangoja filimbi.

Haikulia. Akangoja tena. Kutoka chini zikapanda sauti za watoto wanaotoka shule, karibu kabisa, upande huu wa barabara.

Akashusha koleo.

Kichwa cha Torsten kikachomoza kwenye kidirisha cha paa. "Unangoja nini?"

"Mama hayupo. Labda anaumwa."

"Tupa."

"Mlete mwingine kwanza asimame chini."

Hapo Torsten akalainisha sauti, wanavyoilainisha wote walioshika karatasi zako. Akamkumbusha kuwa kibali chake cha kukaa kinataka barua ya mwajiri, na barua haijiandiki. Kesho anaweza kupata kijana mwingine mwenye mikono miwili na asiye na maswali.

Habtom alimfikiria mama yake, na nauli ambayo ukoo mzima ulijikamua. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi. Huko chini mtoto akaangua kicheko.

Akaketi kwenye theluji, koleo juu ya magoti.

"Situpi bila mtu wa chini."

Torsten akamkodolea macho kama mtu aliyeambiwa jambo la ajabu. "Mtu gani wa chini? Miaka yote niliyoongoza kazi hii, sijawahi kuajiri mtu wa chini."

Habtom akamgeukia Mirek. Mirek alikuwa amevua kofia.

"Yule si wa kampuni," Mirek alisema. "Ni mama yake Rima. Siku theluji ilipomuua binti huyo, mimi ndiye niliyetupa."