Tulikuwa Tunacheka Naye

Fundi wa mavazi alikuwa na pini tatu mdomoni, anamrekebishia koti mwigizaji wa mlinzi katika kipindi cha vichekesho cha televisheni, aliposikia mwongozaji akisema, "Leo mlinzi akishikwa na kigugumizi, wengine wote mumwige. Watu watavunjika mbavu!"

Fundi hakuwahi kukosa kipindi hicho. Alimpenda yule mlinzi kwa kuwa neno lake lilichelewa kutoka, lakini likitoka, tajiri wake hakuwa na pa kuficha uso. Fundi naye alikuwa na kigugumizi. Miaka minne kazini, alijibu kwa kutikisa kichwa tu.

Akazitema pini kiganjani.

"Bosi, za-zamani tulikuwa tunacheka na-naye. Leo mnataka tu-tu-tu..."

Neno likakwama. Mpiga picha akaangua kicheko. Fundi akakunja ngumi, pini zikamchoma.

"Mama, tuna haraka," mwongozaji akasema.

"Ni-nisubiri. Si-sijamaliza."

Mwigizaji wa mlinzi, koti likiwa limevaliwa mkono mmoja, akavuta kiti, akaketi kumsubiri.

"Tu-tumcheke," akasema fundi. "Mi-mimi simo."